MAANA YA NENO "UCHAFUZI" NA TOFAUTI YAKE NA UCHAFU NA NAJISI

Na Ustadhi wa Fiqhi na Sarfu, Mtendeni, Tabora

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba wake. 

Utangulizi

Makala hii imetokana na swali la mwanafunzi, na swali lenyewe limetokana na kosa langu. Kwa hiyo nitaanza na kosa.

Wakubwa wenu wanakumbuka mwaka ule maji yalipokatika siku nyingi na birika letu la udhu likakauka. Kila mwanafunzi aliombwa aje na chombo chochote cha kuhifadhia maji. Kijana mmoja alileta vidumu viwili vya lita tano kutoka shambani kwa babu yake. Nilimuuliza: "Vilikuwa na nini?" Akajibu: "Dawa ya tumbaku, Ustadhi." Nikajiuliza kama mtu wa fiqhi: je, dawa ya tumbaku ni najisi? Nikaona si najisi. Nikaamuru vioshwe mara tatu kwa sabuni, nikanusa, nikasema: "Vimetakasika, tieni maji."

Siku ya pili watoto wawili wadogo walilalamika kichwa na kusema roho zinawachafuka. Walikuwa wamesukutua kwa maji ya vidumu vile, na mmoja aliyameza kwa sababu ya kiu. Walipelekwa zahanati, na Alhamdulillah walipata nafuu. Muuguzi aliniambia maneno mafupi: chombo kilichokaa sumu ya kuulia wadudu hakirudi tena kuwa chombo cha maji, hata ukikiosha siku nzima.

Jioni ile nilikusanya wanafunzi nikawaambia: "Yale maji yalichafuka." Binti mmoja wa darasa la sarfu akanyoosha mkono: "Ustadhi, umesema yalichafuka. Sasa fa'il wake ni nani?"

Darasa lilicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu jibu nilikuwa nalo. Fa'il nilikuwa mimi.

Tangu siku hiyo nimelisoma neno hili kwa makini, na leo nataka tulisome pamoja.

Maana kilugha

Shina lake ni sifa "chafu", yaani kisicho safi. Kutokana na sifa hiyo tunapata jina "uchafu", nalo ni jina la hali. Kanzu ina uchafu, ua una uchafu. Jina hili halituambii uchafu umetoka wapi wala nani kauleta. Vumbi la kiangazi linaweza kuleta uchafu bila mtu yeyote kufanya kosa.

Kutokana na sifa hiyo hiyo tunapata pia vitenzi viwili:

1. Kuchafuka, yaani kuwa chafu. Hiki hakihitaji mtendwa. "Kisima kimechafuka", na sentensi imekwisha.

2. Kuchafua, yaani kukifanya kitu kuwa kichafu. Hiki kinahitaji pande mbili, mwenye kuchafua na chenye kuchafuliwa.

Neno "uchafuzi" limezaliwa na kitenzi cha pili. Tazameni jinsi vitenzi vinavyoishia na "-ua" vinavyozaa majina: chagua, uchaguzi, nunua, ununuzi, tambua, utambuzi, fafanua, ufafanuzi, chafua, uchafuzi. Yote haya ni majina ya vitendo, na kila kimoja kina mtu nyuma yake. Hakuna uchaguzi bila mchaguzi, hakuna ununuzi bila mnunuzi, na vivyo hivyo hakuna uchafuzi bila mchafuzi. Anayesema "uchafu" ametaja hali. Anayesema "uchafuzi" ametaja kitendo, na msikilizaji ana haki ya kuuliza: umetendwa na nani?

Wanafunzi wa sarfu watalielewa jambo hili upesi zaidi kwa Kiarabu. Mnajua tofauti ya "taaliim" na "taallum". Ya kwanza ni kufundisha, na lazima awepo mwalimu. Ya pili ni kujifunza, na mwalimu anaweza asitajwe. Sasa chukueni kitenzi "lawwatha", yaani kuchafua. Masdari yake ni "talwiith", kwa wazani wa taf'iil. Na "talawwatha", yaani kuchafuka, masdari yake ni "talawwuth", kwa wazani wa tafa''ul. Ajabu ni kwamba Waarabu wa leo, wanapozungumzia mazingira katika magazeti na vitabu, mara nyingi hutumia "talawwuth", yaani kuchafuka. Kiswahili kimechagua upande mwingine, kikashika "uchafuzi", neno ambalo mtendaji wake hajifichi. Kwa neno hili moja, lugha yetu imekuwa na ujasiri.

Maana kiistilahi

Katika elimu ya mazingira, uchafuzi ni kuingiza katika maji, hewa au udongo kitu, au kiasi cha kitu, kinachodhuru watu, wanyama au mimea. Zingatieni maneno "kiasi cha kitu". Mbolea ya chumvichumvi shambani ni neema, lakini ikizidi na mvua ikaisomba hadi bwawani ni madhara. Hata samadi ni hivyo hivyo. Kwa hiyo kitu chaweza kuwa kizuri mahali pake na kikawa kichafuzi mahali pengine.

Tofauti kati ya uchafu, najisi na uchafuzi

Hapa ndipo nilipoteleza mimi, basi someni polepole.

Najisi ni hukumu ya sheria. Ni vitu maalumu vilivyotajwa na wanavyuoni, kama mkojo, kinyesi, damu na mzoga, vinavyozuia kusihi kwa sala. Kipimo chake ni dalili ya sheria, wala si macho.

Uchafu ni hali ya kuonekana. Matope, kamasi na jasho ni uchafu, lakini si najisi. Mwenye tope kwenye kanzu sala yake inasihi, ingawa adabu inamtaka aje safi.

Uchafuzi ni kitendo cha kuleta madhara. Kinaweza kuhusu najisi, kama choo kinachovujia kisimani. Kinaweza kuhusu uchafu wa kawaida, kama taka zinazoziba mtaro. Na kinaweza kuhusu kitu ambacho si najisi wala hakionekani kuwa kichafu, kama sumu iliyoyeyuka katika maji maangavu.

Katika madhehebu yetu ya Shafii tunajifunza kwamba maji yakifika kulateni, takriban lita 200, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Hiki ni kipimo cha twahara, na katika twahara kinatosha. Lakini mimi nilikibeba kipimo hicho nikakitumia kupimia sumu, na hakikuwekwa kwa kazi hiyo. Ziko sumu zisizobadilisha rangi, ladha wala harufu. Na wanavyuoni wetu hawakuiacha nafasi hiyo wazi. Wamesema kitu kinaweza kuwa twahara na bado kikawa haramu kukila au kukinywa kwa sababu ya madhara yake, na mfano wanaoutoa ndio huo huo wa sumu. Kwa hiyo mbele ya maji kuna maswali mawili, si moja. Je, yanafaa kwa udhu? Na je, yanafaa kwa mwili? Mimi niliuliza la kwanza tu.

Mifano

Mfano wa kwanza: Minamata. Huu ni mji wa pwani nchini Japani. Kiwanda kimoja kilimwaga baharini maji taka yenye zebaki. Bahari haikubadilika sura na wavuvi waliendelea kuvua. Paka waliokula samaki wakaanza kuyumba kama walevi na kufa, kisha watu nao wakapata maradhi ya mishipa ya fahamu, na watoto wakazaliwa na ulemavu. Ugonjwa huo uliandikwa rasmi mwaka 1956. Mwaka 2013 mataifa yalikubaliana mkataba wa kupunguza matumizi ya zebaki, ukapewa jina la mji huo, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Msidhani hayo ni ya Japani tu. Wachimbaji wadogo wa dhahabu, wakiwemo wa Nzega katika mkoa wetu, huchanganya zebaki na mchanga uliosagwa ili inase dhahabu, kisha huichoma. Zebaki haipotei kwa kuchomwa. Hupanda kama mvuke, akaivuta mchomaji na waliomzunguka, na iliyobaki huingia udongoni na majini.

Mfano wa pili: Mto Mara. Mwezi Machi 2022 maji ya sehemu ya mto huo yaligeuka meusi, yakatoa harufu, na samaki wakafa. Serikali iliunda kamati ya wataalamu chini ya Profesa Samuel Manyele. Kamati ilieleza kwamba chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, vitu vilivyopunguza hewa ya oksijeni majini. Maelezo hayo yalizua mjadala mkubwa nchini, maana wako waliouliza kama hakuna mkono wa mtu hasa katika jambo lile. Sina elimu ya kuwahukumu wataalamu. Ninachotaka mkione ni kwamba mjadala wote ule, ukiutazama kwa jicho la lugha, ulikuwa juu ya mwisho wa kitenzi kimoja: mto umechafu-ka, au umechafu-liwa? Kwa istilahi ya nahau, ni kitenzi kisicho na haja ya mtendaji, au ni majhuli ambaye fa'il wake amefichwa?

Mfano wa tatu: njia ya misafara. Mji wetu ulikuwa kituo kikuu kati ya Bagamoyo na Ujiji. Maelfu ya wapagazi na wafanyabiashara walipita, na kila kambi ilikuwa karibu na maji. Katika karne ya 19 kipindupindu kilipita Afrika Mashariki zaidi ya mara moja, na daktari James Christie aliyefanya kazi Zanzibar aliandika kitabu mwaka 1876 akionyesha jinsi maradhi hayo yalivyofuata njia za biashara. Kipindupindu huenezwa na kinyesi kinachoingia katika maji na chakula. Msafiri aliyejisaidia kando ya kisima jioni aliondoka alfajiri, na msafara uliofuata ukanywa. Mchafuzi hakumwona aliyemdhuru, na aliyedhurika hakumjua mchafuzi wake.

Sasa someni tena ile hadithi mliyohifadhi, ambamo Mtume (S.A.W.) anatahadharisha juu ya kujisaidia mahali watu wanapochota maji, njiani na kwenye kivuli, na ile inayokataza kukojoa katika maji yaliyotuama. Laana katika hadithi ya kwanza haikuelekezwa kwa maji wala kwa uchafu. Imeelekezwa kwa kitendo na mtendaji wake. Vilevile katika Surat Rum, aya ya 41, fasadi iliyodhihiri barani na baharini imenasibishwa na mikono ya watu. Siku hizi tukisikia "ufisadi" tunafikiria wizi wa fedha za umma tu, lakini fasadi kwa asili yake ni pana: ni kuharibika kwa kitu kilichokuwa kimetengenea. Na mikono imetajwa ili tusisingizie upepo.

Matumizi sahihi ya neno

1. Uchafuzi ni jina la ngeli ya U. Tunasema "uchafuzi huu umezidi". Hatusemi "mauchafuzi" wala "uchafuzi hizi".

2. Mtendaji ni "mchafuzi", wengi "wachafuzi". Kitu kinachochafua ni "kichafuzi", wengi "vichafuzi". Sumu ni kichafuzi, aliyeimwaga ni mchafuzi. Msichanganye, maana sumu haina miguu.

3. Baada ya "uchafuzi wa", bora kitajwe kilichoharibiwa: uchafuzi wa maji, wa hewa, wa udongo. Wengi husema pia "uchafuzi wa plastiki" wakitaja kinachoharibu. Hueleweka, lakini katika insha andikeni "uchafuzi wa mitaro unaotokana na plastiki", ili pande zote mbili zionekane.

4. "Uchafuzi wa kelele" ni matumizi yaliyokubalika. Na sisi tujikague humo. Kipaza sauti chetu kikipigwa kupita kiasi usiku, na jirani ana mgonjwa, hatuna udhuru kwa kusema tunasoma kasida.

5. "Machafuko" ni neno jingine, maana yake ni fujo na vurugu katika nchi. Na anayeambiwa "amechafua hali ya hewa" mara nyingi ameharibu mazungumzo barazani, hakufukiza moshi.

Mchafuzi na dhamana yake

Kwa kuwa neno lina mtendaji, lina pia dhamana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka msingi kwamba mchafuzi ndiye anayepaswa kulipa gharama za madhara aliyoyaleta, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, ndilo lililopewa jukumu la kusimamia. Mwaka 2019, kwa mfano, Baraza liliutoza mgodi wa North Mara faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa kuvuja kwa bwawa la maji yenye sumu. Mwaka huo huo, tarehe 1 Juni, ile mifuko ya plastiki tuliyokuwa tukiiita "rambo" ilipigwa marufuku Tanzania Bara.

Kwetu sisi msingi huo si mgeni. Katika fiqhi, anayeharibu mali ya mwenzake hudhamini, hata kama hakukusudia. Kukosa nia mbaya kunaweza kumwondolea dhambi, lakini hakumwondolei dhamana. Mimi sikukusudia kuwadhuru wale watoto wawili. Hata hivyo ilinipasa niende kwa wazazi wao, niseme "nimeyachafua maji ya wanenu", si "maji yalichafuka", na nilipe gharama za zahanati. Niliona haya kwenda. Nilipokwenda nilipokewa kwa uungwana kuliko nilivyostahiki.

Jirani ni nani?

Zamani mji wetu ulitegemea zaidi bwawa la Igombe, na kila mtu aliweza kuona maji yake yanatoka wapi. Leo tunapata pia maji ya Ziwa Victoria, yanayochotwa Ihelele, wilaya ya Misungwi, na kusafiri kwa bomba hadi hapa. Maana yake ni kwamba anayechafua ziwa anachafua chombo chetu, ingawa hatujamwona. Na sisi tukimwaga oili chafu ya gari mtaroni hapa Mtendeni, iko siku mvua itaipeleka kwa mtu tusiyemjua. Njia ya misafara imegeuka kuwa mabomba, lakini hukumu ya anayechafua mahali pa kuchota maji ni ile ile.

Mambo ya kufanya

1. Msilete madrasa, wala msitumie nyumbani, chombo chochote kilichokaa dawa ya tumbaku, ya pamba au ya mifugo, kwa maji, mafuta wala nafaka. Mwambieni babu akitoboe mara tu dawa inapokwisha, ili asije mtu akakitamani.

2. Betri za tochi zilizokwisha msizitupe kisimani wala chooni. Zina madini yenye sumu.

3. Choo kisichimbwe karibu na kisima, wala upande wa juu wake.

4. Mkiona maji yamebadilika, semeni mapema, hata kama mwalimu amekwisha kusema ni safi. Yule mtoto mdogo aliniambia maji yananuka, nami nikamjibu kwamba ni harufu ya sabuni.

Hitimisho

Wanafunzi wapenzi, lugha ni amana kama maji yalivyo amana. Mtu akitaka kukimbia dhamana, hukimbilia kwanza kwenye kitenzi kisicho na mtendaji: glasi imevunjika, fedha zimepotea, mto umechafuka. Msiwe na haraka ya kumtuhumu mtu bila ushahidi, kwani huo nao ni uchafuzi, wa jina la mwenzako. Lakini mkilisikia neno "uchafuzi", ulizeni kama alivyouliza dada yenu: fa'il wake ni nani? Na jibu likiwa "mimi", msiogope kulitamka.

Wabillahi tawfiq.

Maswali ya zoezi

1. Eleza tofauti kati ya "uchafu" na "uchafuzi", ukitoa mfano mmoja kwa kila neno kutoka mtaani kwenu.

2. Taja kitu kimoja ambacho ni najisi, kimoja ambacho ni uchafu lakini si najisi, na kimoja ambacho ni twahara lakini ni haramu kukinywa.

3. Taja wazani wa "talwiith" na wa "talawwuth", kisha ueleze ni upi unaolingana na neno "uchafuzi".

4. Geuza sentensi hii ili mtendaji aonekane: "Mtaro wa mbele ya madrasa umechafuka."

5. Ndugu yako amekuta kidumu kizuri shambani, hajui kilikaa nini. Kimeoshwa na hakinuki. Utamwambia nini, na kwa hoja gani?